Shajara ya mradi: kulitambua kangaga la Dryopteris marginalis, kuanzia shinani hadi ukingoni mwa jani

Aprili, theluji ikimalizikia

Kazi iliyo mbele yetu ni karatasi moja ya pande mbili, yenye michoro na maelezo ya Kiswahili, ya kumsaidia mtu ambaye hajasomea mimea kulitambua kangaga la Dryopteris marginalis katika misitu ya jimbo la Vermont, Marekani, mwezi wowote wa mwaka. Watakaoitumia ni wenzetu wa kikundi cha matembezi hapa Burlington na Winooski: familia za Kongo, Burundi, Tanzania na Kenya, ambazo Jumamosi huingia msituni na watoto na kurudi na maswali. Makangaga ndiyo yanayoulizwa sana. Yako kila mahali, kwa mbali yanafanana, na vitabu vilivyopo vimeandikiwa mtu ambaye tayari anajua nusu ya majibu.

Tumechagua spishi moja kwa makusudi. Marginalis, kama tulivyozoea kuliita, ni kangaga la kawaida mashariki mwa Amerika Kaskazini, kuanzia Newfoundland hadi Georgia na Alabama, na majani yake hubaki mabichi hata chini ya theluji. Kwa hiyo tunaweza kulichunguza sasa hivi, miti yote ikiwa bado mitupu. Tena jenasi yake iko hata kwetu: Dryopteris kilemensis na Dryopteris inaequalis huota katika misitu ya milima ya Afrika Mashariki. Mtoto atakayejifunza kulisoma hili la Vermont, siku akipanda Kilimanjaro atajua aangalie wapi.

Eneo la kazi ni mteremko wa mawe unaotazama kaskazini, ndani ya msitu wa mepo unaogemwa sharubati, mashariki ya Burlington. Mwenye msitu ameturuhusu kupima, kuchora na kuokota majani yaliyovunjika. Majani mazima hatukati ila kukiwa na sababu.

Hali ilivyo wiki hii: majani ya mwaka jana yamelala chini kuzunguka shina, pande zote. Rangi yao bado ni kijani kilichofifia na kuelekea kwenye buluu na kijivu. Ukilishika jani unasikia ugumu wake, halinywei mkononi. Katikati, pale majani yote yanapoanzia, kuna kichwa cha shina kilichofunikwa na magamba ya hudhurungi, na ndani ya magamba machipukizi ya mwaka huu yamejikunja, yamekazana.

Mei, mwanzoni

Tumekaa na dada mchoraji wetu, mzaliwa wa Bukavu, kupanga karatasi ianzie wapi. Yeye alitaka tuanze na umbo la jani zima. "Mtu akisimama njiani anaona jani, dada yangu, haoni shina," alisema, na ni kweli. Lakini umbo la jani la kangaga linadanganya kuliko kitu kingine chochote mwilini mwake. Lililoota kwenye kivuli kizito hurefuka na kuwa laini, lililopata jua huwa fupi na gumu, na la mmea mchanga halijagawanyika kama la mmea mzima. Katika msitu huu mmoja kuna spishi kadhaa zenye majani ya nusu mita, yaliyochongoka nchani na kugawanyika mara mbili au tatu. Anayeanza na umbo huishia kulinganisha picha na picha hadi achoke.

Shina halina kigeugeu hicho. Shina la marginalis ni fupi, nene, limesimama wima, wala halitambai. Majani yote hutoka kwenye kichwa chake kwa mzunguko, yakapanuka kuelekea juu na nje, kwa hiyo kila shina lina kichaka chake, na kati ya kichaka na kichaka kuna nafasi. Vikonyo vya miaka iliyopita vikishafa havidondoki vyote. Vitako vyao hubaki vimeshikamana na shina na kulinenepesha. Kwenye mimea mizee kichwa cha shina kimeinuka sentimita kadhaa juu ya udongo, unaweza kukizungushia kiganja. Huo ni mwanzo mzuri sana wa utambuzi, maana jirani yake mkubwa kwenye mteremko huu, Dennstaedtia punctilobula, hutambaa chini ya ardhi na kutoa jani moja hapa, jingine pale, mpaka sakafu ya msitu ifunikwe. Mtoto wa miaka sita anaweza kuona tofauti hiyo bila lenzi.

Tumekubaliana mpangilio: mahali lilipoota, kisha shina, kisha kikonyo, kisha jani, mwisho upande wa chini wa jani. Kwenye michoro tutatumia majina manne. Kikonyo ni sehemu tupu ya chini isiyo na vipande. Uti ni mwendelezo wake katikati ya jani. Mbawa ni vipande vikubwa vinavyotoka kwenye uti, kulia na kushoto. Vidole ni vipande vidogo vya kila ubawa.

Mei, mwishoni

Machipukizi yamefunguka, na kila mmoja wetu alitaka kupiga picha. Yakiwa yamejikunja bado, huwezi kuona kijani hata kidogo. Kila kitu ni magamba ya rangi ya dhahabu iliyofifia kuwa hudhurungi, mengi, marefu, yamepandana.

Nimekaa na gamba moja chini ya lenzi muda mrefu. Ni utando mwembamba wa seli zilizopangwa bapa, unene wake ni seli moja tu, ndiyo maana mwanga unapita na kuta za seli zinaonekana moja moja. Limeanza pana pale lilipojishika na kikonyo, likapungua taratibu hadi kuwa uzi. Rangi yake ni moja, kutoka kitakoni hadi nchani. Hilo la rangi moja tumeliandika kwa herufi nzito, kwa sababu Dryopteris goldieana, kangaga kubwa kuliko yote ya jenasi hii huku kwetu, lina magamba meusi yanayong'aa yenye kingo nyeupe-nyeupe. Mtu akifungua kitako cha kikonyo na kukuta magamba meusi ya namna hiyo, aache hapo hapo, si marginalis.

Kazi ya magamba inaonekana wazi asubuhi zenye baridi kali za mwezi huu. Chipukizi lina maji mengi na halijakomaa, nayo nyuzijoto za usiku bado zinashuka karibu na sifuri. Tabaka hilo la magamba ndilo blanketi lake. Jani likishanyooka, magamba ya juu hupungua na kuanguka. Ya kitakoni hubaki, yamejaa kwa kishungi, na yatakuwepo hadi jani life. Kwa hiyo hata mwezi Februari mtu akifukua theluji atayakuta.

Kikonyo chenyewe kina mfereji upande wa juu. Urefu wake ni robo hadi theluthi ya jani zima, na kipimo hicho kimetusaidia kuliko tulivyotarajia, kwa kuwa ukishaona jani lenye kikonyo kirefu karibu sawa na sehemu yenye mbawa, unajua unatazama kitu kingine.

Tuliokota vikonyo vya mwaka jana vilivyovunjika na kuvikata kwa wembe. Ndani, mishipa ya maji na chakula inaonekana kama vitone vilivyopangwa kwa upinde, viwili vya upande wa mfereji vikubwa kuliko vingine. Kikonyo cha Athyrium, ambalo watu wengi hulichanganya na jenasi hii, kitakoni kina mishipa miwili tu, mipana. Watoto wameipenda kazi hii ya kukata, nami nimeona ni njia ya haki ya kuwaonyesha kwamba mmea una ndani, si picha tu ya nje. Itapata mchoro wake mdogo kwenye kona ya karatasi.

Juni

Majani yamenyooka na kukomaa. Tumepima.

Vitabu vya mimea ya Amerika Kaskazini vinasema jani la marginalis hufika sentimita 30 hadi 100 kwa urefu na 10 hadi 25 kwa upana. Yetu mengi yako katikati ya hapo. Yale ya kwenye ufa wa jabali, ambako udongo ni kiganja kimoja tu, ni mafupi. Yale ya chini ya mteremko, ambako majani ya mepo huoza na kujaza mbolea, yanafika kiunoni mwa mtoto.

Umbo: pana zaidi juu kidogo ya kitako, kisha linachongoka polepole kuelekea nchani. Mbawa za chini kabisa ni fupi kidogo kuliko zinazofuata. Kila ubawa ni mrefu na umechongoka, na umegawanyika kuwa vidole. Kwenye mbawa za chini vidole vinakaribia kutengana kabisa, juu vimeungana kitakoni. Kwa ufupi, jani limegawanyika mara moja na nusu, na chini kabisa karibu mara mbili. Kingo za vidole ni nyororo au zina mawimbi madogo madogo. Hazina meno makali.

Hapo kwenye kingo nimemwomba dada mchoraji arudie mara ya pili, naye alikubali kwa moyo wote, kwa kuwa ndipo macho ya mtumiaji yatakapotua. Makangaga mawili yanayochanganywa na hili kila siku, Dryopteris intermedia na Dryopteris carthusiana, yamegawanyika zaidi, mara mbili hadi tatu, na kila kipande kidogo kina meno yenye ncha. Ukiyaweka mezani pamoja, marginalis linaonekana zito na la kutulia, yale mengine ni mepesi kama kazi ya sindano na uzi. Nimeruhusu ulinganisho huo ubaki kwenye karatasi kwa sababu kina mama wa kikundi waliutoa wenyewe, na walipoutumia msituni hawakukosea.

Rangi ya upande wa juu ni kijani cha buluu, bila mng'ao. Upande wa chini umepauka. Ngozi ni nene. Jani likiinuliwa kwa uti halilegei pembeni. Na halina malaika, yaani vinyweleo, yenye tezi. Ukilipapasa ni kavu, na lenzi haionyeshi vile vijiti vidogo vyenye kichwa ambavyo intermedia limejaa navyo kwenye uti na hata kwenye vifuniko vya spora, yaani chembe za uzazi za kangaga.

Jambo moja la mizani ya ubawa wa chini kabisa: kidole cha kwanza cha upande wa chini, kile kinachogusana karibu na uti, ni kirefu kuliko mwenzake wa upande wa juu. Nililiona nikaliandika, lakini kwenye karatasi halitaingia. Linahitaji kuelezwa sana, na tunazo alama zenye nguvu kuliko hiyo.

Julai

Mwezi wa upande wa chini. Kama mradi huu ungekuwa na ukurasa mmoja tu, ningeuweka huu.

Geuza jani la marginalis lililokomaa: madoa ya mviringo yamepangwa mstari mmoja kila upande wa kidole, na yamekwenda kukaa ukingoni kabisa, yakikaribia kugusa pembe ya jani. Si katikati kati ya mshipa na ukingo, si karibu na mshipa. Ukingoni. Mtaalamu wa mimea Linnaeus alipolieleza kangaga hili mwaka 1753, akaliweka kwenye jenasi ya Polypodium, alama hii ndiyo iliyolipa jina lake: marginalis kwa Kilatini ni "la ukingoni". Mtaalamu mwenzake wa Marekani, Asa Gray, alipolihamishia Dryopteris mwaka 1848, sehemu hiyo ya jina ilibaki. Kwenye intermedia na carthusiana madoa yako katikati ya nafasi. Kwenye goldieana yamesogea karibu na mshipa wa kati. Kwa hiyo swali ni moja, na linajibika kwa kidole: doa limekaa wapi?

Tulichukua ubawa mmoja tu na kuuweka chini ya hadubini ya mezani, kila mtu akapewa zamu yake. Kila doa limefunikwa na kifuniko chenye umbo la figo, kimejishikiza pale penye mkunjo wa figo. Mapema mwezi huu vifuniko vilikuwa vyeupe kuelekea kijivu, vimebana. Wiki ya tatu vimekuwa kahawia, kingo zimejikunja juu, na chini yake vifuko vya spora vinachungulia, vyeusi na kung'aa. Umbo hilo la figo ni la jenasi nzima, na Dryopteris za Afrika Mashariki zinalo pia. Polystichum acrostichoides, linaloota bega kwa bega na marginalis na ambalo nalo halifi baridi, lina kifuniko cha duara kilichoshikizwa katikati, na spora zake ziko kwenye mbawa za juu peke yake, ambazo hupungua ukubwa. Mbawa zake hazijagawanyika, na kila moja ina kisikio kitakoni. Hilo halina haja ya lenzi.

Kisha tukakaa kutazama vifuko vikifyatuka. Kila kifuko kimesimama juu ya kijiti chembamba, na mgongoni kina mstari wa seli zenye kuta nene upande wa ndani na nyembamba upande wa nje. Joto la taa linakausha maji ndani ya seli hizo, kuta nyembamba zinavutwa ndani, mstari wote unajipinda kwenda nyuma na kukipasua kifuko. Unaendelea kujipinda mpaka maji yaliyobaki yanashindwa kushikana. Hapo mvuke unajitokeza ndani ya seli kwa ghafla, mvutano unakatika, na mstari unarudi mbele kwa kasi, ukirusha spora. Kuliona mara ya kwanza ni kuruka kwenye kiti. Kijana mmoja wa sekondari alikataa kumpisha mwenzake, na sikumlaumu.

Kwa kawaida kifuko kimoja cha spishi kama hii kina spora 64. Chini ya hadubini kila spora ina umbo la haragwe, na ganda la nje lina mikunjo. Tumepanda baadhi kwenye chupa yenye udongo wa kinamasi ulioloweshwa kwa maji yaliyochemshwa, tukafunga mdomo kwa plastiki. Tutaona.

Agosti

Mwezi wa ndugu na mahuluti. Karatasi inamhusu marginalis, lakini mtumiaji hatakutana nalo peke yake, kwa hiyo upande wa pili tumeutenga kwa wanaofanana naye.

Intermedia na carthusiana tumeshayaeleza kwa kingo na madoa. Ya kutofautisha yenyewe kwa yenyewe tumeweka mstari mmoja: intermedia lina tezi na hukaa bichi baridi nzima, carthusiana halina tezi na hufa. Dryopteris cristata tuliliona kwenye kinamasi chini ya mteremko. Majani yake yenye spora ni membamba, yamesimama wima, na kila ubawa umejigeuza ukalala bapa, unatazama juu. Ukishaliona mara moja humsahau.

Sehemu ngumu ni mahuluti, yaani mimea iliyozaliwa na spishi mbili tofauti. Dryopteris huchanganyika kwa urahisi, na marginalis limepatikana likizaa na spishi zipatazo kumi, ingawa kila huluti ni adimu. Moja lina historia ya hapa hapa Vermont: mwaka 1904 Margaret Slosson alieleza Dryopteris × pittsfordensis, lililopewa jina kutokana na mji wa Pittsford, nalo ni zao la marginalis na carthusiana. Hesabu ya kromosomu inaeleza kwa nini halizai. Marginalis lina kromosomu 82, carthusiana lina 164. Mtoto anapata 41 kutoka kwa mmoja na 82 kwa mwingine, jumla 123, seti tatu zisizogawanyika sawa. Spora zake hutoka zimesinyaa na hazioti.

Je, mtumiaji wa karatasi ahangaishwe na haya? Tulijadiliana kwa muda. Msimamo wangu ni kwamba aelezwe, kwa sentensi mbili. Mtu anayejifunza kwa bidii atakutana na jani lenye madoa karibu na ukingo lakini vidole vyenye meno, na asipoambiwa kwamba kitu kama hicho kipo ataona kwamba karatasi ni ya uongo. Dada mchoraji alisema, "Basi tuandike kuwa mengine yana baba na mama tofauti." Imeandikwa hivyo.

Septemba

Nimepata nafasi ya kutazama sampuli za hebaria, yaani hazina ya mimea iliyokaushwa, ya Chuo Kikuu cha Vermont, yenye jina la Cyrus Pringle, mkusanyaji mimea aliyezaliwa jimboni humu mwaka 1838 na kufariki 1911. Jengo lililoihifadhi liliungua mwaka 2017, na sampuli zikaokolewa. Kugeuza karatasi hizo mkono unatetemeka.

Nilichojifunza hapo kinahusu rangi. Jani la marginalis likishakaushwa hupoteza ule ubuluu na kuwa kijani kikavu au kahawia. Lakini madoa yako pale pale ukingoni, hata kwenye majani yaliyobanwa zaidi ya karne iliyopita. Kwa hiyo kwenye karatasi yetu rangi imeshushwa kutoka alama kuu hadi alama ya kuongezea. Mahali pa doa pamepanda juu.

Oktoba na Novemba

Jalidi imeanza. Asubuhi moja majani ya marginalis yalikuwa yamesimama na fuwele nyeupe kwenye kila kidole, na wiki iliyofuata mengi yalikuwa yamelala. Hayakuvunjika. Kikonyo hulegea karibu na kitako chake, sentimita chache juu ya shina, na jani zima linashuka polepole mpaka liguse ardhi. Mishipa ya ndani haikatiki, kwani jani linabaki bichi na gumu hadi mwaka ujao. Ukilishika pale palipolegea unasikia ulaini, wakati sehemu ya juu yake bado ni imara.

Faida yake ni rahisi kuiona ukiwa na kipimajoto. Jani lililosimama hupigwa na upepo na baridi kavu ya hewani, wakati lililolala liko karibu na ardhi ambayo bado ina joto kidogo, kisha theluji hulifunika. Miti ikiwa imepukutisha majani, jua la vuli na lile la mapema kabla ya Mei hufika hadi chini, na jani hili lililolala huendelea kutengeneza chakula. Linakufa polepole baada ya machipukizi mapya kunyooka.

Hili limebadilisha michoro. Tulikuwa na mchoro mmoja wa mmea mzima, majani yakiwa yamesimama. Sasa iko miwili, ya kiangazi na ya baridi, kwa ukubwa sawa. Mtu wa kwetu anayetembea Novemba akikuta majani mabichi yamelala juu ya mawe anaweza kudhani yamekanyagwa na paa.

Januari

Kikundi kimejaribu nakala ya kwanza kwenye theluji. Wameanza na mawe, wakafukua, wakatafuta shina lililoinuka na kishungi cha magamba ya rangi moja, wakageuza jani. Madoa yapo, vifuniko vimesinyaa, vifuko vitupu, lakini makovu ya mviringo yamebaki ukingoni. Mzee mmoja wa Uvira, ambaye macho yake hayaoni vizuri vitu vidogo, alitumia ncha ya kidole: alipapasa upande wa chini na kusikia safu ya vijipele pembeni. Baada ya hapo wajukuu wake walimletea kila jani la mteremko, "Babu, na hili?" Tumeongeza maneno "papasa kwa kidole" kwenye hatua ya mwisho.

Machi

Ndani ya chupa ya spora udongo umefunikwa na vimea vya kijani, bapa, vyenye umbo la moyo, vidogo kuliko ukucha wa mtoto mchanga. Hiyo ndiyo hatua ambayo mbegu za kiume huogelea kwenye maji hadi kwenye yai. Kwenye baadhi vimechomoza vijani vya kwanza, vyenye mgawanyiko mchache sana, wala huwezi kuviunganisha na kichaka cha kule msituni kwa macho.

Vijani hivyo vimetulazimisha kuamua jambo la mwisho la karatasi. Mmea mchanga wa Dryopteris, usio na madoa, wenye jani lisilokomaa kugawanyika, hauwezi kuthibitishwa kwa hatua zetu. Wapo waliotaka tuweke jedwali la kukisia. Nimesimama kidete kwamba tusiweke. Hatua ya tano sasa inasomeka: "Kama hakuna madoa upande wa chini, andika Dryopteris peke yake, weka alama mahali, rudi mwaka ujao."

Nakala ya tatu imekamilika: michoro ya mmea wa kiangazi na wa baridi, kitako cha kikonyo na gamba moja lililokuzwa, kikonyo kilichokatwa, ubawa wa upande wa juu, ubawa wa upande wa chini, na kidole kimoja chenye vifuniko vya figo. Upande wa pili una ndugu sita. Itachapwa kwenye karatasi isiyolowa maji. Mimea michanga tuliyoikuta kwenye nyufa za jabali la juu imewekewa vijiti vyenye namba, na itaangaliwa tena Julai, madoa yakitoka.